Farasi Aliyekaza Mgongo Hasikii Amri

Ruziba, kusini mwa Bujumbura, si mahali pa farasi. Anayepita barabara iendayo Rumonge ataona ng'ombe na mbuzi, ataona baiskeli zilizopakiwa mikungu ya ndizi, na akishuka upande wa ziwa ataona mitumbwi na wavuvi wakitengeneza taa zao kabla ya kwenda kuvua ndagala. Farasi hatamwona, ama atamwona kwa nadra sana. Hata hivyo, swali lililozaa makala hii liliulizwa hapo Ruziba, jioni moja, na kijana mmoja koplo wa polisi ambaye nyumba ya wazazi wake haiko mbali na yangu.

Kijana huyo alikuwa amerudi kutoka safari ya nchi jirani. Huko, nje ya uwanja wa mpira, aliwaona askari wawili wakilinda lango juu ya farasi. Farasi wa kwanza alisimama kichwa juu, shingo imekazwa kama upinde, macho yamemtoka, mkia ukipiga huku na huko wala nzi hawakuwapo. Jasho lilimtiririka ingawa hakuwa akitembea. Farasi wa pili aliinamisha kichwa, mguu mmoja wa nyuma ameupumzisha, naye akitafuna polepole hali hana kitu kinywani ila lijamu.

"Afande," akaniuliza, "kati ya wale wawili, yupi aliyekuwa kazini? Mimi nilidhani ni yule wa kwanza, kwa kuwa alisimama kama mlinzi. Na wenzangu walisema yule wa pili ni mvivu."

Nilimjibu kwamba wa pili ndiye aliyekuwa kazini, na kwamba wa kwanza alikuwa karibu kuikimbia kazi yenyewe. Koplo alinitazama kama mwanafunzi aliyepewa jibu bila kuonyeshwa hesabu. Hesabu hizo ndizo ninazotaka kuzieleza hapa, kwani naamini wako askari wengi wenye mawazo kama ya wale wenzake.

KAMBA YA HEMA

Farasi ni mnyama aliyeumbwa kuwindwa. Macho yake yamewekwa pembeni mwa kichwa, hata aweza kuona karibu pande zote bila kugeuka, isipokuwa mahali padogo mbele ya paji la uso na nyuma ya mkia. Anapohisi hatari huinua kichwa, hukaza misuli ya shingo na mgongo, huzuia pumzi, kisha hujiandaa kutimua mbio. Hali hiyo ikidumu kwa nukta chache, si neno. Ikidumu saa nzima chini ya uzito wa mtu na tandiko lake, misuli huwa migumu kama mbao, na mnyama huanza kuumia pasipo jeraha lolote la kuonekana.

Ili kulifahamu jambo hili hatuna budi kuutazama mwili wenyewe. Farasi wa kupandwa wa wastani ana uzito wa kilo 450 hadi 550. Miguu yake ya mbele haina mtulinga wa kuishikilia na kifua kama sisi wanadamu. Kifua chote kinaning'inia kati ya mabega kwa misuli tupu, mithili ya majeruhi aliyelazwa katika machela. Juu ya shingo imepita kano nene itokayo kisogoni, ambayo huungana na kano nyingine iliyotambaa juu ya uti wa mgongo. Farasi anapoinyoosha shingo mbele na chini, kano hiyo huvutika na kuuinua mgongo, kama kamba ya hema inavyolisimamisha turubai. Anapoinua kichwa kwa hofu, kamba hulegea, na mgongo hudidimia chini ya mpanda. Hapo ndipo misuli mirefu ya mgongo inapolazimika kufanya kazi isiyo yake. Kazi ya misuli hiyo ni kukaza na kuachia kila hatua. Sasa inakaza tu, haiachii.

Askari yeyote aliyewahi kusimama gwaride saa tatu juani huku amekaza magoti anajua mwisho wake ni nini.

Alama za mkazo huo si za siri. Hatua huwa fupi na za kugonga. Mkia ama hubanwa ama hupigapiga. Meno husagwa, masikio hulala nyuma, na pumzi hukatikakatika. Kinyume chake, farasi aliyeachilia mwili hupuliza pua kwa nguvu na kwa muda mrefu kama mtu anayeshusha mzigo, hutafuna taratibu, na mkia wake huyumba kushoto na kulia kwa kufuata hatua. Ninasema "kuachilia" na si "kulegea", maana wako wanaodhani tunamtafuta farasi aliye kama tambara. Hapana. Mwili ulioachiliwa una nguvu zake zote, ila nguvu hizo zimewekwa tayari kutumika. Hazipotei katika kujikaza bure.

SOMO LA MAJESHI

Elimu hii haikuanzishwa na matajiri wa kucheza na farasi. Sehemu yake kubwa ilitoka kwa wanajeshi. Xenophon wa Athens, aliyekuwa askari na kamanda katika karne ya 4 kabla ya Kristo, aliandika kitabu juu ya upandaji, na humo alikataza mtu kumwendea farasi akiwa na hasira. Jenerali Alexis L'Hotte, aliyeongoza mafunzo ya upandaji katika shule ya Saumur nchini Ufaransa katika miaka ya 1860, aliweka utulivu wa farasi kuwa jambo la kwanza kabla ya jingine lolote. Jeshi la Ujerumani nalo lilitoa kanuni yake ya upandaji mwaka 1912, ikarekebishwa mwaka 1926 na tena mwaka 1937. Na mafundisho ya Kijerumani yaliyojengwa juu ya kanuni hizo huuhesabu huko kuachilia mwili kuwa daraja la pili la mafunzo, mara tu baada ya mwendo wenye mapigo sawa.

Sababu ya majenerali kujishughulisha na jambo laini namna hii haikuwa huruma peke yake. Askari wa farasi alimtegemea mnyama yule yule kesho na kesho kutwa. Mgongo uliokazwa ulichoka upesi, tandiko lilitia vidonda, na farasi mwenye kidonda chini ya tandiko alimfanya askari wake awe wa miguu.

Katika sehemu zetu somo hili halikupata nafasi kubwa, na kosa si letu. Mbung'o pamoja na ugonjwa wa farasi wa Afrika viliwafanya wanyama hao wasiishi. Mnamo Aprili 1916, Jenerali Van Deventer aliwaongoza askari wa farasi wa Afrika Kusini hadi Kondoa Irangi wakati wa masika. Farasi walikufa njiani kwa mamia. Mwezi Juni mwaka huo huo, majeshi ya Wabelgiji yalipoingia Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura, yaliingia kwa miguu, na mizigo juu ya vichwa vya wapagazi. Hata hivyo, majirani zetu wanao farasi wa kazi. Polisi wa Tanzania wana Kikosi cha Mbwa na Farasi, na nchini Kenya kikosi cha polisi cha kuzuia wizi wa mifugo, chenye makao yake Gilgil, hutumia farasi na ngamia katika doria. Askari wetu nao hupelekwa nje, kama walivyopelekwa Somalia kuanzia mwaka 2007 na Jamhuri ya Afrika ya Kati kuanzia mwaka 2013. Kukutana na mtu aliye juu ya farasi si jambo la ndoto kwa askari wa Burundi.

KOSA LILIKUWA LANGU

Sasa nifikie jambo ambalo koplo wangu hakulitazamia. Mara nyingi mkazo wa farasi hautoki kwa farasi.

Mwaka 2009 watafiti wa Sweden walichapisha matokeo ya jaribio jepesi kabisa. Waliwaambia watu wawaongoze farasi, au wawapande, kutoka mahali fulani hadi mahali fulani mara nne. Kabla ya mara ya nne wakawaambia kwamba njiani mwavuli utafunguliwa ghafla mbele ya farasi. Mwavuli haukufunguliwa. Hakuna kilichotokea kabisa. Lakini mapigo ya moyo ya watu wale yalipanda, na mapigo ya farasi wao yakapanda pia. Farasi hakusikia habari ya mwavuli, wala asingeifahamu. Aliisoma kwa mtu wake.

Mimi mwenyewe niliyajua hayo kabla ya kusoma utafiti wowote, na niliyajua kwa aibu. Nilipokuwa mwanafunzi wa uafisa ughaibuni, nilipewa farasi jike wa rangi ya kahawia iliyokoza. Kwa juma zima alikwenda upande upande kama kaa, kichwa kikiwa karibu na kifua changu. Nilikaza hatamu, naye akakaza taya. Nikakaza zaidi. Siku ya tano akaniacha chini, mbele ya darasa zima, nami nikamweleza mkufunzi kwamba mnyama yule ana tabia mbaya. Mkufunzi, sajini wa makamo asiyependa maneno mengi, aliniamuru nipande tena, nitoe miguu katika vikuku, na nihesabu hatua za farasi kwa sauti: moja, mbili, tatu, nne, bila kukoma.

Niliona ni adhabu ya kitoto. Baada ya mizunguko miwili ya kiwanja farasi alipuliza pua, akashusha shingo, na kwa mara ya kwanza nikausikia mgongo wake ukitembea chini yangu. Mtu anayehesabu kwa sauti hawezi kuzuia pumzi. Aliyetoa miguu katika vikuku hana pa kukanyagia ili abane kwa magoti. Sajini hakuwa amemtibu farasi, alikuwa amenitibu mimi.

KAZI YENYEWE

Kazi huanza kabla ya kupanda. Mpanda apitishe kiganja bapa kutoka nyuma ya sikio, ashuke shingoni, afuate mgongo hadi kiunoni, kwa uzito wa mkono tu. Mahali ambapo ngozi inaruka au misuli inajikunja, asisukume. Aache mkono hapo hapo, atulie, angoje. Farasi atakapopepesa macho, atakapotafuna au kupiga miayo, mkono uendelee. Kisha amkune pale shingo inapokutana na mgongo, mbele kidogo ya tandiko, ambapo farasi wenyewe hukunana kwa meno wakiwa malishoni. Hili nalo si hadithi: mwaka 1993 Claudia Feh na Jeanne de Mazières walionyesha kwamba kumkuna farasi mahali hapo hupunguza mapigo ya moyo wake.

Tandiko likiwekwa, mkanda wa tumbo ufungwe tundu moja moja, si kwa mkupuo mmoja. Mpanda apandie juu ya gogo au ngazi ikiwapo, kwani kumning'inia farasi upande mmoja kila asubuhi huupinda mgongo tunaotaka kuunyoosha. Wako vijana wanaodhani gogo ni la wanawake na wazee. Waache wadhani hivyo. Mgongo wa farasi hauna habari na ushujaa wao.

Dakika kumi hadi kumi na tano za mwanzo ziwe za kutembea tu, hatamu ndefu, shingo huru. Wengi huziruka dakika hizi kwa kisingizio cha haraka, na kwa maoni yangu hapa ndipo kazi ya siku nzima inapoharibika. Baadaye mwendo wa mchakamchaka, mpanda akiinuka na kukaa kwa kufuata mapigo ili mgongo upate nafuu kila hatua ya pili. Mizunguko iwe mikubwa, ya mita 20 kwenda upande wa pili, na mwelekeo ubadilishwe mara kwa mara ili upande mmoja usichoke. Mpanda amtoe farasi katika mchakamchaka aingie matembezi, amrudishe, amtoe tena, bila papara. Farasi anapokuwa tayari, afundishwe zoezi la kuleta mabega ndani kidogo ya mstari huku miguu ya nyuma ikibaki mstarini. Zoezi hilo huunyoosha upande wa nje wa mwili na kuyafungua mabega. François de La Guérinière aliliendeleza na kulieneza Ufaransa katika karne ya 18, na mpaka leo walimu hawajapata lililo bora zaidi.

Kuna kipimo kimoja ambacho hakidanganyi. Ukiwa katika mwendo, fungua vidole kidogo kidogo, uruhusu hatamu irefuke. Farasi aliyeachilia mwili ataifuata hatamu kwa pua yake, mbele na chini, bila kuongeza mwendo. Aliyekaza ataipokonya, au atarusha kichwa juu, au atakimbia. Kipimo hiki huchukua dakika moja.

Wasiokuwa na subira wamebuni njia ya mkato: hukifunga kichwa cha farasi kwa mikanda mpaka kidevu kiguse kifua, kisha husema ametulia. Huko ni kumtia pingu. Shingo imeinama, lakini mgongo umebaki umekazwa vile vile, pengine zaidi. Mwenye macho atazame mkia, asitazame shingo.

Aidha, si kila mkazo ni wa hofu. Tandiko lisilomkaa vizuri, jino lenye ncha, ukwato unaouma, yote hayo huukaza mgongo, na hapo hakuna mazoezi yatakayosaidia. Ni kazi ya mganga wa mifugo. Kuna hali moja ambayo kila anayelinda farasi hana budi kuijua. Farasi aliyezoea kazi, akipumzishwa siku moja au mbili huku akipewa nafaka zake zote kama kawaida, aweza kushikwa mara tu anaporudishwa kazini: misuli ya makalio hugeuka kuwa migumu kama jiwe, hutoka jasho jingi, hukataa kwenda, na mkojo huwa wa rangi ya kahawa. Wazungu wa zamani waliuita ugonjwa wa Jumatatu asubuhi, kwa kuwa Jumapili ilikuwa siku ya mapumziko. Hapo asilazimishwe hata hatua moja. Asimamishwe alipo, afunikwe iwapo kuna baridi, apewe maji, na mganga aitwe mara moja. Kumtembeza ili "alainike" kwaweza kumuua. Na kinga yake ni rahisi: siku ya mapumziko, punguza nafaka.

FARASI MWEUPE WA WEMBLEY

Koplo alipofika hapa akasema, "Sawa, Afande, lakini sisi kazi yetu ni watu. Watu wakifurika, huo utulivu una faida gani?"

Nikamsimulia ya tarehe 28 Aprili 1923. Siku hiyo uwanja mpya wa Wembley, London, ulikuwa na mchezo wake wa kwanza, fainali ya Kombe la FA kati ya Bolton Wanderers na West Ham United. Waliohesabiwa kwa utaratibu walikuwa watu 126,047, lakini wengine wengi sana waliingia kwa kuruka kuta na kuvunja malango, hata watu wakaujaza uwanja wenyewe, penye nyasi, wasiwe na pa kurudi. Miongoni mwa polisi walioitwa alikuwamo konstebo George Scorey juu ya farasi wake aliyeitwa Billie. Farasi huyo alikuwa wa kijivu, ila katika picha za sinema za siku hizo alionekana mweupe, ndiyo sababu mchezo ule unaitwa mpaka leo fainali ya farasi mweupe. Farasi wengine wa polisi walikuwapo pia, nao hawakupata sifa kwa kuwa rangi zao zilipotelea katika umati.

Billie hakuwarukia watu. Alikwenda hatua kwa hatua, akiwasukuma taratibu kwa kifua na ubavu, na watu wakasogea, safu baada ya safu, mpaka mistari ya uwanja ikaonekana. Mchezo ulianza ukiwa umechelewa dakika 45 hivi, nao Bolton wakashinda 2-0.

Sasa mtu na amweke mahali pa Billie yule farasi wa kwanza wa koplo wetu, aliyetoka jasho pasipo kutembea. Kilo 500 zilizokazwa, katikati ya wanawake na watoto wasio na pa kukimbilia, na kwato za chuma chini yake. Mguu mmoja wa nyuma ukirushwa hapo, ni mtu amekufa, na umati wote utakimbia kwa kukanyagana. Askari aliye juu ya farasi wa namna hiyo hawezi kumlinda mtu yeyote. Kazi yake yote ni kujizuia asianguke.

Koplo alinyamaza kidogo, kisha akacheka. "Basi ni kama ng'ombe wa baba," akasema. "Ukimkamua kwa hasira, maziwa hayashuki. Baba humwimbia kwanza, akamkuna shingoni, ndipo akae kwenye kigoda."

Nilikiri kwamba baba yake angefaa kuwa mkufunzi, na kwamba mimi ilinibidi kuanguka mbele ya darasa ili nijifunze jambo ambalo yeye alilijua tangu utotoni. Kijana akaniuliza swali la mwisho: kazi ikiisha, farasi hufanyiwa nini?

Hutembezwa dakika kumi za mwisho, hatamu ndefu, mkanda wa tumbo umelegezwa tundu moja au mawili. Tandiko likitolewa, mgongo husuguliwa kwa mkono na kuoshwa jasho. Kisha hupelekwa penye mchanga na kuachwa. Farasi aliyemaliza siku vyema atapiga magoti, ajigaragaze upande huu na upande ule, ainuke, ajitikise mwili mzima kuanzia masikio hadi mkiani. Asiyetaka kulala, au anayeinuka bila kujitikisa, aandikwe katika daftari la zamu jioni ile ile, na mganga wa mifugo ampapase mgongo kabla hajatandikwa asubuhi.